Rafu Iliyokataa Kufanana

Marlys Zupanich alikuwa mtu wa kupanga. Hakupanga maneno, maana hayo alikuwa nayo machache na mengi yake makali. Alipanga vitu. Jikoni kwake, katika mji wa migodi wa Chisholm, vikombe vilitazama upande mmoja, vijiko vililala kwa ukubwa, na ole wake mgeni atakayerudisha kisu mahali pa uma. Ugonjwa huo aliurithi kwa baba yake, mzee Stane, fundi wa mashine za kuchimbia katika mgodi wa chuma. Mzee akishatoka kazini na kuoga, alikuwa akishuka chumba cha chini ya nyumba kupanga nati na bolti zake katika makopo ya kahawa, na binti yake akimpasia moja moja. "Bolti isiyofanana na mwenzake ndiyo inayoua mtu," alikuwa akimwambia. Mtoto akalishika neno hilo kama wengine wanavyoshika sala.

Alipokua akasoma chuo cha ufundi, kisha akapata kazi ambayo ni kama ilikatwa na kushonwa kwa vipimo vyake. Hospitali ndogo, shule na ofisi za miji ile ya migodi zilikuwa zimeungana zikaanzisha ushirika wa kuhifadhi kumbukumbu zao za kompyuta. Ushirika ukachukua shule iliyofungwa kwa kukosa watoto, ukajaza makabati ya diski katika vyumba viwili: kilichokuwa ukumbi wa mazoezi na kilichokuwa maktaba. Kila kitu kiliwekwa nakala mbili, moja huku na moja kule, ili chumba kimoja kikiungua, kingine kibaki.

Kazi ya Marlys ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine zote hizo, diski, swichi na nyaya zinazoziunganisha, zinafanana. Diski si chuma kitupu. Ndani yake mna programu iliyotoka nayo kiwandani, inayoiongoza kila inapoandika na kila inaposoma. Kiwanda hutoa toleo jipya la programu hiyo kila baada ya muda, na mwenye kuzembea hujikuta ana mashine za matoleo kumi zisizoelewana. Kwa hiyo Marlys alichagua toleo moja, akalifanya ndilo kipimo cha wote, na skrini kubwa juu ya meza yake ikawa inalinganisha. Inayofanana na kipimo iliwaka kijani. Isiyofanana, njano. Miaka ilivyokwenda njano zikapungua, hadi ikabaki moja tu, na hiyo moja ilimkera kama punje ya mchanga ndani ya soksi.

Ilikuwa rafu ya Wendell Niemi.

Wendell alikuwa Mfini mkubwa wa mwili na mzito wa mwendo, aliyekuwepo kazini kabla ya Marlys na aliyekuwa akikaribia kustaafu. Yeye na Marlys walitaniana tangu siku ya kwanza, maana Wafini na Waslovenia wa kule, kabila la kina Marlys, wametaniana tangu babu zao walipokuwa wakigombea zamu mgodini. Rafu yake ilikaa maktaba, imejaa diski zilizonunuliwa siku moja na nyingine zote, ila yeye alikataa kuzibadilishia toleo.

"Nipe sababu moja," Marlys alikuwa akimwambia. "Moja tu."

"Inafanya kazi."

"Hiyo si sababu. Hata mkokoteni unafanya kazi."

"Hili la zamani nalijua tabia yake, Marlys. Hilo lako jipya bado hatujazoeana."

"Nyie Wafini hata mke mnamzoea miaka ishirini ndipo mnamsalimia."

"Na nyie mnamsalimia siku ya kwanza, ya pili mnampangia vikombe."

Wanacheka, wanamaliza kahawa, na njano inabaki pale pale.

Na ndani ya rafu hiyo ndimo Wendell alimokuwa akiweka kitu alichokipenda kuliko kazi yenyewe. Jumamosi alikuwa akizunguka na kinasa sauti kwa wachimbaji wastaafu, anakaa nao mezani, anakula chochote anachopewa, anawaacha wasimulie. Alikuwa amekusanya sauti za mamia ya watu. Ushirika ulimruhusu kuziweka bure katika nafasi iliyobaki, nakala moja kwenye rafu yake na nyingine ukumbi wa mazoezi. Hospitali zililipia nakala ya tatu, ya kanda za sumaku, iliyopelekwa mji wa Duluth. Vya bure havikupewa kanda. Na Wendell aliwaahidi wazee kwamba sauti zao hatazipeleka nyumbani kwake wala kumpa mtu asiye wa familia. Mwenye mzee wake aje mwenyewe, asikilize, achukue nakala akitaka. Kadi ya kinasa alikuwa akiifuta ili arekodi mwingine.

Mzee Stane alirekodiwa majira ya baridi yale yale aliyofia. Kila mara, miezi na miezi baada ya mazishi, Wendell alimuuliza Marlys swali lile lile.

"Umeshakuja kumsikiliza mzee?"

"Nitakuja."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Iko wapi hiyo sauti, Wendell? Si kwenye rafu? Nakala mbili, vyumba viwili. Hebu nitajie mahali penye usalama kuliko hapo. Haiendi popote, na mimi siendi popote."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Mapafu ya baba yake yalikuwa yamekwisha kwa vumbi, na Marlys aliona kwamba akibonyeza kitufe atakachosikia kwanza ni kile kikohozi, kisha atarudishwa kwenye kiti cha hospitali ambako alikaa akimshika mkono mzee na kukosa la kumwambia. Wao wawili hawakuwa watu wa kuambizana mambo. Walipasiana bolti. Kwa hiyo aliahirisha, na kwa kuwa sauti ilikuwa salama, kuahirisha hakukumgharimu kitu. Hivyo ndivyo alivyodhani, na kwa kweli nani angedhani vinginevyo?

Vuli moja ikaja barua kwamba wakaguzi watafika. Meneja wao, Craig Sundvall, kijana mwenye tabasamu na viatu visivyowahi kukanyaga matope, akaja akasimama mbele ya skrini.

"Hiyo njano moja," akasema.

"Ya Wendell."

"Wakaguzi wataiuliza."

"Mwambie Wendell."

"Nimeshamwambia. Ananiambia habari za tabia. Marlys, mimi nataka ukuta wa kijani. Wewe unaweza."

Alijua pa kumkuna. Marlys hakuwa na haja ya kubembelezwa sana, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiitamani kazi hiyo muda mrefu. Tatizo lilikuwa wakati. Wiki iliyokuwa mbele yao ilikuwa wiki ya kulungu, ambayo nusu ya wanaume wa miji ile, na wanawake si haba, huingia msituni na bunduki zao wakalala kwenye vibanda visivyo na simu. Ushirika ulikuwa na mwiko wake: wiki ya kulungu haiguswi mashine, kwa maana ikiharibika, wa kuitengeneza yuko porini. Mwiko huo haukuandikwa mahali, lakini hakuna aliyewahi kuuvunja, na Marlys ndiye aliyekuwa akiwakaripia wageni waliotaka kuuvunja.

Aliuvunja yeye. Wendell alipoondoka na kofia yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa, Marlys aliingia maktaba peke yake, akahamisha kazi za rafu kwenye njia ya pili, akaingiza toleo jipya katika diski moja baada ya nyingine. Alifanya kwa uangalifu kama alivyofanya kila kitu. Hakuna kilichoharibika. Aliporudi mezani skrini ilikuwa kijani kutoka kona hadi kona, naye alisimama akaitazama kwa furaha ambayo baadaye aliona aibu kuikumbuka. Craig alikuja akaipiga picha.

Wendell alirudi na soseji za kulungu kwa kila mtu, kama desturi. Alipita mbele ya skrini, akasimama, akarudi hatua moja.

"Umeigusa."

"Wakaguzi wanakuja, Wendell."

"Wiki ya kulungu. Mimi nikiwa msituni."

"Ungekuwepo ungenikatalia."

"Ndiyo maana ulingoja nisiwepo," Wendell akasema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuudhi Marlys zaidi. "Irudishe."

"Hairudi. Kiwanda hakiruhusu kushuka toleo, unajua hivyo."

"Najua. Nilitaka kusikia kama na wewe ulijua."

Marlys akapandwa na hasira, maana mwenye kosa ndiye hukasirika kwanza. "Kwani imekufa? Iko hai, iko kijani, inafanya kazi kama zote. Miaka yote hii unaniharibia ukuta kwa ukaidi mtupu, huna hata sababu. Wafini bwana! Mkipewa jiwe mtalipenda ilimradi liwe la zamani."

Hapo zamani Wendell angecheka. Safari hii aliweka furushi la soseji juu ya meza ya Marlys, akalisukuma taratibu lisidondoke.

"Sina sababu," akasema. "Kweli sina. Lakini hata vidole havilingani, Marlys, na mkono unashika."

Utani ukafa kati yao kuanzia siku hiyo. Wakaguzi walikuja, wakasifu. Marlys alizipika zile soseji, akazila peke yake, na hazikumpendeza.

Machi, barafu ya ziwani ikiwa imeanza kulainika, asubuhi moja watu wakiwa wameshika vikombe vya kahawa, taa moja kwenye skrini iligeuka nyekundu. Marlys alijua la kufanya: diski moja ikifa, unaibadilisha. Aliweka kikombe chini. Ikawaka ya pili, ya tatu, kisha safu nzima. Alidhani swichi imekufa. Akakimbilia ukumbi wa mazoezi, akakuta taa za mbele za makabati zinazimika moja baada ya nyingine, bila kelele, bila moshi. Akarudi mbio maktaba. Huko nako ni vivyo hivyo. Wendell alikuwa amesimama mbele ya rafu yake, mikono imening'inia.

Habari yenyewe waliipata mchana kutoka kwa mhandisi wa kiwanda, kwa simu, na ilikuwa ya kijinga kiasi cha kumtoa mtu machozi. Kila diski huhesabu saa ilizofanya kazi, kama gari linavyohesabu mwendo. Katika lile toleo jipya, nafasi ya kuandikia hesabu hiyo iliachwa ndogo mno. Hesabu ikijaa, diski inachanganyikiwa, inajifunga, na haifunguki tena milele. Na kwa kuwa zote zilinunuliwa siku moja, zikawashwa siku moja, na zote zilikuwa na toleo moja, zikajaa pamoja. Nakala mbili katika vyumba viwili zilikufa kama pacha.

Marlys aliuliza swali moja. Aliliuliza akiwa amegeukia ukutani, Craig akiwa nyuma yake.

"Toleo la zamani lilikuwa na kosa hilo?"

"Hapana," mhandisi akasema. "La zamani lilikuwa sawa. Kuna mliyokuwa nayo kwenye toleo hilo?"

"Ilikuwepo moja," akasema, akakata simu.

Hospitali zilirudishiwa mambo yao kutoka kwenye kanda za Duluth. Watu walikesha, wakagombana, wakala pasti baridi, zile sambusa kubwa za wachimbaji, juu ya kibodi, na mwisho wa wiki picha za mifupa na mapafu zilikuwa zimerudi. Sauti za wachimbaji hazikuwa na pa kurudi.

Craig alimwita Marlys ofisini akafunga mlango. "Nataka ulijue hili. Si kosa lako. Ulifuata utaratibu, kosa ni la kiwanda, na bodi inasema hivyo hivyo."

"Kugusa mashine wiki ya kulungu haukuwa utaratibu."

"Haijaandikwa popote."

"Mimi niliijua."

"Marlys, hakuna anayekulaumu."

Na kweli hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkondesha. Angelaumiwa angalau angekuwa na mtu wa kubishana naye. Alitembea miongoni mwa watu waliomwonea huruma, wakamletea hata mkate wa jozi, potica, kama waletavyo kwenye msiba, naye akitamani mmoja tu amwambie usoni: ulikuwa na rafu moja iliyokuwa ipone, ukaenda ukaifundisha kufa.

Wendell hakumwambia. Alianza kupiga simu kwa familia. Ikatokea kwamba wengi walikuwa wameshachukua nakala: huyu kwenye flashi iliyotupwa droo ya jikoni, yule kwenye simu iliyopasuka kioo, mwingine kwenye sidii aliyompa shangazi aliyeko Cleveland. Zikawa zinaletwa ofisini kwenye bahasha na mifuko ya plastiki, kila moja na umbo lake, na Marlys ndiye aliyezipokea na kuzinakili. Mtu aliyetumia maisha yake kufukuza vitu visivyofanana alikaa akivifuta vumbi, akishukuru kimoyomoyo kwa kila kilichofunguka. Sauti zilirudi, karibu zote. Zilizokosekana ni za wale ambao hakuna mtu wao aliyewahi kuja kusikiliza, na miongoni mwao ni mzee Stane Zupanich.

Wendell alistaafu kabla majani hayajatoka. Kwenye sherehe yake Marlys alimpa mkono, hakuweza zaidi. Ilimchukua hadi kiangazi kujikaza kwenda kwake, kando ya ziwa, Jumamosi mchana, akiwa na potica aliyoipika mwenyewe. Wendell alikuwa akipasua kuni za sauna, chumba cha kuogea mvuke alichokuwa ameshaanza kukiwasha. Alimwona, akaegemeza shoka.

"Ni mimi niliyeiua," Marlys akasema, kabla hata ya salamu. "Rafu yako ingepona. Nilimuuliza yule mhandisi."

"Na mimi nilimuuliza."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Siku ile ile."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini ambacho wewe hujajiambia?" Akavuta gogo, akamwonyesha akae, akakaa na yeye. "Sikuwa na sababu, Marlys. Usinifanye mtume. Ningekuwa na sababu ningekuambia. Ulikosea kuigusa nikiwa sipo, kwa hilo nilikasirika, na sasa sina hasira."

Marlys alitazama mikono yake. "Nisimulie alichosema baba. Unachokikumbuka. Najua si sawa na kumsikia."

Wendell akamsimulia, na alikuwa msimulizi mzuri, maana maisha yake yote alikuwa akisikiliza. Mzee Stane alisimulia namna alivyoingia mgodini akiwa na viatu vya kaka yake. Alisimulia mashine iliyolala ubavu, wakaiinua theluji ikianguka. Alisimulia harusi yake, na namna mama yake Marlys alivyomkanyaga makusudi wakicheza ili aache kuongea. Marlys alicheka hapo, hakuwahi kukisikia kisa hicho. Kikohozi je, aliuliza, alikohoa sana? Wendell akafikiri.

"Kidogo tu mwanzoni. Akinogewa hakohoi."

Miezi yote hiyo alikuwa amekimbia kikohozi ambacho karibu hakikuwepo. Ilibidi ainuke, azunguke rundo la kuni, ndipo arudi kukaa.

"Na mwisho? Alimalizia vipi?"

Wendell aliokota kipande cha gome akakivunja vunja.

"Mwisho sijui."

"Hujui vipi, na ulikuwepo?"

"Alibadilisha lugha. Aliniambia, wewe Mfini, sasa ziba masikio, naongea na mwanangu. Akashika Kislovenia, akaongea nacho muda mrefu. Nilisikia jina lako, basi. Kuna mahali alinyamaza nikadhani amemaliza, akaanza tena. Nilipozima nikamuuliza amesema nini. Akaniambia, atakwambia Marlys akitaka."

Marlys alikisikia Kislovenia vizuri. Alilelewa nacho mpaka alipoanza shule, na baada ya hapo akawa anasemeshwa nacho naye anajibu kwa Kiingereza. Tangu mama yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumsemesha kwa lugha hiyo zaidi ya maneno ya mezani.

"Mbona hukuniambia?" sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Kila siku ulikuwa unaniuliza, mbona hukuniambia kuna maneno yangu?"

"Alinikataza. Alisema usimwambie, akija aje kwa kupenda kwake." Wendell alijifuta uso kwa kiganja kizima. "Nilidhani ninatunza neno la mzee. Nami nalijutia hilo, Marlys, usidhani uko peke yako."

Moshi wa sauna ulianza kupanda nyuma yao. Hakuna aliyeugeukia.

"Wewe una sikio," Marlys akasema. "Umesikiliza watu miaka mingi. Neno moja halijabaki? Hata kama hujui maana yake. Litoe tu lilivyokuwa likisikika."

Wendell akafumba macho. Akaifungua midomo yake minene ya Kifini, akatoa mlio, akausahihisha, akauunganisha na mwingine. Marlys alimsogelea hadi magoti yao yakagusana, akikazana kusikiliza. Halikuwa neno. Halikuwa hata nusu ya neno.

"Jaribu tena," akamwambia.

Wendell akajaribu tena.